Risasi 14

Ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa parafujo nene ukutani mwa nyumba yangu, hapa Nyegezi, Mwanza, ipo bunduki moja ambayo nimeipiga mara 8 tu tangu leseni yake iandikwe jina langu mwaka 2019. Sanduku la pili, dogo na lenye ufunguo wake peke yake, ndilo la risasi. Hadi mwezi uliopita lilikuwa na risasi 34: mpya 14 nilizozinunua kwa fedha ya kujibana, na za zamani 20 alizoziacha babu. Leo zimebaki 14. Risasi moja ya aina hii, kwa bei niliyoinunulia, ilikuwa sawa na karibu kilo tatu za sato, na watu wa nyumbani wamekwisha kuniuliza zaidi ya mara moja kwa nini ninaendelea kuitunza silaha yenye njaa ya namna hiyo. Swali lao ni la haki, nami sijawahi kulijibu vizuri kwa mdomo.

Bunduki yenyewe ni Mauser ya komeo la kuinua na kuvuta kwa mkono, iliyoundwa kwa ajili ya risasi inayoitwa .404 Jeffery. Jina hilo ni la W. J. Jeffery wa London, muundaji na muuzaji wa bunduki aliyeileta sokoni mwanzoni mwa karne ya 20. Namba yake inapotosha kidogo, kwa sababu kichwa cha risasi hakina upana wa inchi 0.404 bali inchi 0.423, yaani karibu milimita 10.75, na ndiyo maana Wajerumani huiita 10.75 × 73, hiyo 73 ikiwa ni urefu wa ganda kwa milimita. Kichwa kina uzito wa gramu 26 hivi, na kwa baruti ya zamani kilitoka mtutuni kwa mwendo wa takribani mita 650 kwa sekunde. Risasi nyingi za leo zina kasi kuliko hiyo. Ubora wa .404 uko kwenye umbo la ganda lake: ni refu, ni nene, na bega lake, pale linapopungua kuelekea shingoni, lina mteremko mrefu, kwa hiyo linateleza kuingia kwenye chumba cha bunduki bila kukwama, na baruti inapata nafasi ya kuungua bila kuleta mgandamizo mkubwa. Katika nchi ya joto jambo hilo lilikuwa na maana ya uhai. Baruti ya wakati ule, kordaiti, ilikuwa na umbo la tambi nyembamba, na ilizidi nguvu jua lilipoipasha. Ganda lililobanwa kupita kiasi hunasa ndani ya bunduki na kukataa kutoka, na anayewinda nyati hana nafasi ya kuhangaika na ganda lililonasa.

Kwa sababu hiyo idara za wanyamapori za Afrika Mashariki, ya Tanganyika ikiwamo, ziliwapa maofisa na askari wao bunduki za namba hii kwa miaka mingi. Wazee wa kwetu waliwajua kama watu wa Bwana Nyama. Walikuja pale nyati au tembo walipoingia mashambani, wakalala kijijini siku mbili au tatu, wakafanya kazi yao, wakaondoka, na watoto wakabaki wakigombania maganda ya shaba yaliyookotwa majanini.

Babu hakuwa mtu wa Bwana Nyama. Alikuwa karani wa mizani ya pamba upande wa Lamadi, kule ambako ukanda wa magharibi wa Serengeti unakaribia kabisa kugusa ziwa, na alilima ekari chache za pamba na mtama. Bunduki aliinunua kihalali mwaka 1962 kwa meneja wa kiwanda cha kuchambulia pamba aliyekuwa akirudi kwao, na pamoja nayo alipata risasi 60. Alilipa kwa fedha ya misimu miwili ya pamba. Bibi, hadi anafariki, alikuwa akiutaja mwaka huo kama mwaka wa kitenge kimoja.

Kitu cha thamani kuliko bunduki, kwangu mimi, ni daftari. Ni daftari la kawaida la hesabu, la mistari ya miraba, lenye jalada lililogeuka rangi kwa moshi wa jikoni, na ndani yake babu aliandika kila risasi iliyotoka mtutuni kuanzia siku ya kwanza. Karani wa mizani alizoea kuandika uzito wa kila gunia, na risasi aliziandika vivyo hivyo. Mstari mmoja unasema: "14 Mei 1966. Mbili. Nyati dume, mtoni. Ya kwanza juu mno, kosa ni langu. Zimebaki 41." Mingine mingi ni mifupi zaidi: tarehe, moja, kibali namba fulani, zimebaki. Hakuna mahali alipojisifu. Mahali alipokosa shabaha aliandika kwamba amekosa, na mara nyingi aliandika na sababu: jua machoni, pumzi, haraka. Kati ya mwaka 1973 na 1978, miaka ambayo uwindaji ulipigwa marufuku nchini, aliendelea kufungua ukurasa kila Desemba na kuandika neno moja tu, "Hakuna", na idadi ile ile ya zilizobaki.

Marufuku ilipoondolewa risasi zilikuwa hazipatikani tena. Zote za babu ni za Kynoch, kampuni ya Birmingham iliyolisha bunduki nyingi kubwa za Kiingereza barani Afrika. Geuza ganda lolote na kitakoni utasoma KYNOCH na .404 zilizogongwa kwenye shaba. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni hiyo ilikuwa imeacha kutengeneza risasi hizi. Soko lake lilikuwa limekwisha kuliwa na Wamarekani, kwa kuwa mwaka 1956 Winchester walileta .458 Winchester Magnum, risasi ya nguvu kwa bunduki ya bei nafuu, na idara za wanyamapori zikaanza kuhamia huko; waliobaki na bunduki za zamani walikuwa wachache mno kuendesha kiwanda. Bunduki nzuri, zisizo na kasoro yoyote, zikawa vyuma vya kutazamwa. Nyingine zilibadilishwa mitutu. Kutoka Ujerumani zilipatikana risasi kidogo kidogo, lakini mtu wa Lamadi angezifuata wapi? Katika miaka ya 1990 kampuni nyingine ya Uingereza ililifufua jina la Kynoch, na leo Norma wa Uswidi na Hornady wa Marekani nao wanazitengeneza, ingawa kwa mafungu madogo na kwa bei ya mafungu madogo. Jambo linalonishangaza kila nikilifikiria ni kwamba ganda hili lenyewe lina watoto: risasi za Remington Ultra Mag, zilizoanza kutoka mwaka 1999, zilitokana na ganda la .404.

Lugha yetu inalitumia neno risasi kwa maana mbili, madini na kile kinachotoka mtutuni, na mtu wa nje angeweza kudhani kwamba kinachokosekana ni madini. Madini si tatizo. Mvuvi yeyote wa Mwaloni ana risasi kwenye nyavu zake. Kinachokosekana ni ganda. Shaba ile ndefu yenye bega la mteremko haichongwi na fundi wa mtaani, na hata ingewezekana, kutengeneza au kujaza risasi bila leseni ya kazi hiyo ni kosa la jinai. Nimekutana na watu wanaodhani kwamba mapenzi ya silaha za kale yanampa mtu ruhusa ya kupita pembeni ya sheria. Mimi naona kinyume chake, kwamba mwenye silaha isiyo ya lazima anapaswa kuwa mwangalifu maradufu kuliko mlinzi wa benki, ambaye silaha ni kazi yake.

Baba alirithi bunduki mwaka 1988, akaipiga mara nne katika maisha yake yote. Nakumbuka nilimsindikiza wakati wa uhakiki wa silaha wa mwaka 2016. Tulipanga foleni tangu asubuhi, yeye akiwa ameishika kwenye mfuko wake wa turubai kama mtu aliyeshika mtoto anayeumwa. Askari aliyekagua namba alikuwa kijana, na alipoona maandishi ya Jeffery juu ya mtutu aliita wenzake wawili waje kuona. Baba alifurahi siku hiyo kuliko nilivyomwona akifurahi kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata alifariki. Bunduki ilikabidhiwa polisi kama inavyotakiwa, ikakaa kwenye ghala lao hadi maombi yangu yalipoanzia serikali ya mtaa, yakapita kata na wilaya na kufika mkoani. Yalichukua karibu miaka miwili. Siwalaumu. Mtu anayetaka kupewa bunduki ya kuangushia nyati, akiwa mwalimu wa hisabati anayeishi mjini, lazima aulizwe maswali mengi.

Nilipoipokea, pamoja nayo nilipokea risasi 23, tano tano katika vikasha vya karatasi ngumu vyenye nyekundu na njano iliyofifia, na tatu zimefungwa kwenye kitambaa. Nilizichagua hizo tatu. Nilipata ruhusa ya kuzipigia kwenye uwanja wa shabaha nje ya jiji, chini ya usimamizi wa askari mkufunzi, mtu mzima wa makamo ambaye tangu mwanzo hakuzipenda rangi zake.

Ya kwanza ililia vizuri. Niliwahi kusikia watu wakisema kwamba .404 haipigi teke bali inasukuma, na nilidhani ni maneno ya kujifariji, nilipoipiga nilielewa. Bega lilirudi nyuma polepole, kama mtu aliyeegemewa na ng'ombe zizini, na mtutu ukainuka, na moshi mwepesi wenye harufu kali ukaelea mbele ya uso wangu. Ya pili sikusikia chochote ila sauti kavu ya pini ikigonga: tik. Nikanyanyua mkono kulishika komeo.

"Mwalimu, usifungue," askari alisema kwa sauti ya chini. "Mtutu ubaki hapo hapo. Hesabu hadi sitini."

Nilihesabu. Sijawahi kuhesabu sitini ndefu namna ile. Kisha nilivuta komeo, ganda likatoka zima, na kwenye fataki yake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, kulikuwa na kishimo safi cha pini, cha kina kinachotakiwa. Pini ilikuwa imefanya kazi yake. Fataki ndiyo iliyokufa. Ya tatu ndiyo iliyonifundisha sababu ya kuhesabu. Nilifyatua, nikasikia tik, na pale moyo ulipokwisha kusema kwamba hii nayo imekufa, ikalia. Haikupita hata sekunde moja kati ya tik na mlio, lakini ingetosha mtu mwenye haraka kuwa ameshaanza kulifungua komeo, na mgandamizo wote ule ungemrudia usoni. Tulipookota ganda tuliona ufa mwembamba shingoni mwake, wenye urefu wa ukucha, na ukingo wake ulikuwa mweusi kwa moshi. Shaba iliyokaa zaidi ya nusu karne ilikuwa imegeuka ngumu na ya kuvunjika kama ganda la karanga.

"Hizi ni za kuzika, siyo za kupiga," askari alisema. Ile iliyokufa aliichukua na kuiandikia karatasi. Nyingine 20 nilirudi nazo nyumbani, kwa kuwa zilikuwa kwenye leseni yangu, na kwa kuwa mwandiko wa babu wa penseli ulikuwa juu ya vikasha.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta risasi mpya, na utafutaji ule ulichukua zaidi ya miaka miwili. Wauzaji wa silaha wenye leseni nchini ni wachache, na kila mmoja anaagiza kile ambacho wateja wengi wanakitaka, yaani risasi za bastola, za bunduki za marisau, na kwa upande wa uwindaji .375 na .458. Kumwomba aagize kasha moja la .404 ni kumwomba afuatilie kibali cha kuingiza mzigo kwa ajili ya mteja mmoja. Wawili waliniambia wazi kwamba hawawezi. Wa tatu, wa Arusha, ambako kampuni za uwindaji wa kitalii zipo karibu, aliniambia nisubiri hadi aagize mzigo mkubwa wa kampuni moja kisha aingize kasha langu humo. Nilisubiri miezi kumi na minne.

Ndani ya miezi hiyo kuna siku moja ambayo ningependa kuieleza kama ilivyokuwa. Mtu niliyefahamishwa naye, ambaye kazi yake ilikuwa karibu na kambi za uwindaji, alinipigia simu akasema anazo risasi 11 za .404, mpya, zimebaki kwa mgeni aliyemaliza safari yake. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile ya duka. Hazikuwa na karatasi yoyote. Mgeni anapoingia nchini na bunduki yake huandikiwa namba ya bunduki na idadi ya risasi, na zilizobaki zinatakiwa zihesabiwe anapotoka. Hizo 11 zilikuwa zimepotea kwenye hesabu ya mtu fulani. Nilizitamani. Usiku huo nililitoa daftari la babu nikalifungua kwenye ukurasa unaofuata, na nikajaribu kufikiria ningeandika nini. "Nimepata 11" kutoka wapi? Kila idadi iliyo kwenye daftari lile, tangu 60 ya mwanzo, inaweza kufuatiliwa hadi ilikotoka. Asubuhi nilimpigia nikamwambia asante, sitazichukua, na nikamshauri azirudishe. Hakunijibu vizuri, na sijawasiliana naye tena.

Kasha la Arusha lilifika mwaka 2022: risasi 20, kwa shilingi 38,000 kila moja, jumla shilingi 760,000. Kwa mwalimu hiyo si fedha ya mchezo. Mke wangu alikubali kwa sharti moja, kwamba kabla sijagusa mfuko huo, ada ya muhula mzima wa watoto iwe imekwisha kulipwa na risiti aione kwa macho yake. Niliona sharti hilo ni la busara na ningelikubali hata lingekuwa zito zaidi.

Tatizo la kwanza la risasi mpya ni kwamba bunduki haizijui. Vilengeo vya bunduki za namna hii vilipimwa na kusawazishwa kiwandani kwa risasi maalumu ya wakati ule, kwa uzito wake na mwendo wake; bamba la nyuma lina mfereji mpana wa umbo la V, na mbele kuna ushanga mdogo wa fedha unaoukalisha ndani ya mfereji huo. Ukibadilisha risasi, unaweza kulenga vilevile na tundu likatokea kwingine. Risasi tatu za kwanza nilizitoa sadaka kwa ajili ya kulijua hilo. Kwa umbali wa mita 50, nikiwa nimeegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, zote tatu zilikaa ndani ya duara unaloweza kulifunika kwa kifuniko cha chupa ya chai, lakini duara hilo lilikuwa juu ya alama kwa karibu upana wa vidole vinne. Fundi angeweza kuongeza urefu wa kilengeo cha mbele. Nilikataa. Nimejifunza kulenga chini kwa kipimo hicho, na nimekiandika kwenye daftari, nikiwa wa tatu kuandika humo.

Mwenye risasi nyingi hujifunza kwa kupiga. Mwenye risasi 17 hujifunza bila kupiga, na sehemu kubwa ya uhai wangu na bunduki hii inapita bila mlio. Ninazo risasi bandia mbili, za alumini, zisizo na baruti wala fataki, zenye umbo kamili la .404. Kila Jumapili jioni, milango ikiwa imefungwa na risasi za kweli zikiwa zimefungiwa kwenye sanduku lao, ninakagua chumba cha bunduki kwa macho, kisha kwa kidole, ninaingiza moja bandia, na ninamwomba binti yangu mkubwa aweke sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele, kisha aje kusimama nyuma yangu. Ninalenga alama niliyoibandika kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, ukuta ambao kwa kweli ni mwamba wenyewe, kama nyumba nyingi za Mwanza zilivyojibanza kwenye miamba. Ninavuta kifyatuo. Sarafu ikianguka, nimetikisa. Mwanzoni ilianguka mara saba katika kumi. Niligundua kwamba kosa langu lilikuwa lile lile alilolitaja babu, pumzi: nilikuwa ninaizuia kwa muda mrefu mno, na kufikia wakati wa kufyatua mapigo ya moyo yalikuwa yanatembea hadi kidoleni. Sasa ninatoa pumzi nusu, ninasimama, ninafyatua kabla moyo haujalalamika. Sarafu hukaa mara tisa katika kumi, na ile ya kumi ninaijua kabla haijaanguka.

Unyevu wa ziwa ni kazi nyingine, lakini hauna hadithi ndefu: kitambaa chenye mafuta kila wiki mbili, na kila wiki nyakati za masika, kwa kuwa kutu ya hapa huanza chini ya mkanda wa ngozi mahali usipopaangalia.

Mwaka 2023 nilipiga risasi moja. Mwaka jana nilipiga mbili. Ninaiandaa siku hiyo kwa mwezi mzima, na nikifika uwanjani na upepo ukawa mbaya ninarudi nyumbani na risasi zangu, kama nilivyofanya mara moja. Askari yule mkufunzi, ambaye sasa ananijua, aliwahi kuniambia kwamba vijana wake wanamaliza sanduku zima kwa asubuhi moja na hawakumbuki hata risasi moja kati ya hizo. Mimi ninazikumbuka zote nane. Ninaweza kuchora kwenye karatasi tundu la kila moja lilipotokea, na nilichokosea.

Fundi bunduki mmoja, mwenye leseni na ujuzi wa kweli, ameniambia zaidi ya mara moja nibadilishe mtutu uwe wa .375 H&H, risasi ya mwaka 1912 ambayo haijawahi kukosekana madukani. Hoja yake ni nzuri na sina jibu la hesabu la kumpinga. Baba mdogo naye anasema niipeleke makumbusho, pengine kule Bujora, watu waione. Hilo nimelifikiria kwa makini zaidi, kwa sababu bunduki hii ni sehemu ya historia ya pamba na nyati wa pwani hii ya ziwa. Lakini naogopa kwamba makumbusho itaharibiwa kwanza isiweze kulia, na hii bado ni nzima. Mifereji ndani ya mtutu wake, nikiitazama kuelekea mwanga wa dirisha, bado inazunguka safi na yenye kingo kali kama siku iliyochongwa. Kuibadilisha mtutu ni kuipa maisha ya bunduki nyingine. Kwa sasa nataka iendelee kuwa .404, hata ikiwa itasema mara moja au mbili kwa mwaka.

Hata hivyo nilitambua kwamba nilikuwa ninajidanganya kuhusu zile 20 za Kynoch. Nilikuwa ninasema ninazitunza, ilhali nilikuwa nimeweka ndani ya nyumba yenye watoto vitu 20 ambavyo siwezi kuvitumia na siwezi kujua vitafanya nini. Babu asingeziacha kwenye hesabu. Gunia lililooza alilitoa kwenye mizani, hata mwenye gunia akilia.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, nilizipeleka polisi. Nilikuwa nimetoa taarifa mapema, na mtunza ghala alinisubiri na kitabu chake. Alizipanga mezani tano tano, vichwa vikielekea ukutani, akasoma kitako cha kila moja kwa sauti huku mwenzake akiandika, mara ishirini, "Kynoch, nne sifuri nne". Dirisha lilikuwa wazi na jua liliangukia shaba, ambayo upande mmoja ilikuwa imefanya madoa ya kijani. Walipomaliza nilisaini mahali patatu. Nikauliza kama vikasha vya karatasi navyo vinahitajika.

"Vikasha si silaha, Mwalimu," mtunza ghala alisema. "Chukua."

Nilivikunja, nikavitia mfukoni mwa shati. Nyumbani nilivibandika kwenye ukurasa wa ndani wa jalada la daftari, upande wenye mwandiko wa babu ukiwa juu, kisha nikafungua ukurasa wa mwaka huu nikaandika tarehe, namba ya hati ya makabidhiano, na chini yake: "Ishirini. Zimerudishwa, hazikupigwa. Zimebaki 14."